Pudini za Yorkshire kwa oveni ya nyumbani: moto kwanza, rojo baadaye

Aliyezoea kupika vitumbua na keki, akionyeshwa rojo la pudini ya Yorkshire, kitafunwa cha Kiingereza cha kulia nyama na mchuzi, swali lake la kwanza huwa: mbona hamna hamira? Hamna. Wala beking pauda, wala magadi. Ni mayai, maziwa, unga wa ngano na chumvi, vitu vilevile vya chapati za maji. Rojo hilo ukilimwaga kwenye kikaango cha moto wa kawaida utapata chapati ya maji yenye mayai mengi. Ukilimwaga kwenye mafuta yanayofuka moshi mwembamba, ndani ya oveni ya nyuzi 220, linapanda kingo mpaka linavuka mdomo wa trei, katikati panabaki bonde la kuwekea mchuzi, na ganda la nje linavunjika kwa mlio.

Kwa hiyo pudini zikitoka bapa, usikimbilie kubadilisha vipimo. Mara nyingi rojo halina kosa, kosa liko kwenye moto: mafuta yalikuwa vuguvugu, oveni haikufika joto ulilodhani, au mlango ulifunguliwa mapema. Na usitie beking pauda ili kusaidia. Utapata kitu kama keki ya chumvi, laini na yenye vitundu vidogo ndani, isiyo na bonde wala ganda.

Kinachoinua pudini ni mvuke. Maji yaliyomo kwenye maziwa na mayai yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile maji yaliyokuwa nayo. Unapotafuta pa kutokea unakutana na utando wa gluteni ya ngano na protini za yai, utando unaovutika kama puto, basi unauvimbisha. Rojo linalogusa chuma na mafuta huiva kwanza, hushika ukuta na kupanda. Katikati joto huchelewa kufika, ndiyo sababu panabaki bonde. Baadaye protini za yai zinakaza, ukuta unakauka, na pudini inasimama yenyewe. Mvuke ukipoa kabla ukuta haujakaza, pudini inanywea mbele ya macho yako.

Asili ya chakula hiki ni kaskazini mwa Uingereza. Nyama ilipookwa juu ya moto wa wazi, trei ya rojo iliwekwa chini yake ipokee mafuta yanayodondoka. Mapishi yenye jina la Yorkshire yalikwisha chapwa mwaka 1747. Desturi ilikuwa kula pudini kwanza, pamoja na mchuzi, ili watu washibe kidogo kabla nyama haijafika mezani, kwa kuwa nyama ilikuwa ghali. Hesabu ambayo mama wa Dar mwenye wageni kumi na kilo moja ya nyama anaielewa bila kuelezwa. Mwaka 2008 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilisema kwamba pudini isiyofika inchi 4, yaani kama sentimita 10, haistahili jina hilo. Kwa trei ya vishimo vidogo, sentimita 7 au 8 si haba. Usikose usingizi kwa ajili ya inchi za watu.

Rojo

Kwa pudini 12 ndogo:

mayai 4 ya kisasa
unga mweupe wa ngano g 140
maziwa ml 150
maji ml 50
chumvi nusu kijiko cha chai
mafuta ya kupikia, kijiko 1 cha chai kwa kila kishimo

Mayai ndiyo huvuruga hesabu. Yai la kisasa la kwenye trei, likivunjwa, hutoa kama ml 50. Yai la kienyeji ni dogo, na manne yake yanaweza kukosa robo nzima ya ujazo unaotakiwa. Kama huna mizani, achana na kuhesabu mayai na utumie kikombe kimoja kwa vyote: vunja mayai ndani ya kikombe mpaka yajae, yamimine, jaza kikombe hichohicho maziwa yaliyoongezwa maji, mimina, kisha chota unga kikombe kimoja na usawazishe juu kwa mgongo wa kisu. Kipimo hiki cha sawa kwa sawa ni cha zamani na hakijawahi kumwangusha mtu, yawe mayai ya kuku gani.

Unga ni ule wa kawaida wa chapati na maandazi. Usome mfuko vizuri, kwa sababu kuna unga wa keki uliochanganywa beking pauda tayari, na huo haufai hapa. Unga wa atta nao ni mzito. Pumba zake zinakata ule utando unaopaswa kuvutika. Ukitaka kuujaribu, usizidishe robo ya unga wote.

Maziwa yenyewe matupu, hasa ya ng'ombe yaliyochemshwa nyumbani na yenye malai juu, hutoa pudini laini na nzito kidogo. Ndiyo maana hapa robo ni maji: mafuta yanapungua, ganda linakauka vizuri zaidi. Maziwa ya pakiti yaliyopunguzwa mafuta hayahitaji maji mengi hivyo. Tui la nazi liache. Tui zito limejaa mafuta, na mafuta ndani ya rojo yanazuia utando kushikana. Sukari pia usitie hata kidogo, itaunguza uso kabla ndani hapajakaza.

Anayetaka ganda kavu zaidi na kimo kirefu aongeze ute wa yai moja, apunguze maziwa vijiko viwili vya chakula. Kiini asikiongeze. Viini vingi vinalainisha na kuleta shombo la yai.

Changanya hivi. Unga na chumvi viwe kwenye bakuli, fanya shimo katikati, weka mayai yote, kisha koroga kutoka katikati kwenda nje mpaka upate donge laini lisilo na vidonge. Hapo ndipo umimine maziwa na maji, kidogo kidogo. Ukimimina maziwa yote mwanzoni, vidonge vitaelea na utavifukuza bakuli zima. Vikibaki vichache, pitisha kwenye chujio la chai. Rojo likamilike likiwa jepesi kuliko la chapati za maji: ukiinua mwiko linateremka kama uzi usiokatika, na linaacha utando mwembamba mgongoni mwa mwiko.

Kisha liache lipumzike, angalau nusu saa. Unga unakunywa maji, gluteni iliyokazwa na kukoroga inalegea, na rojo linakuwa zito kidogo na lenye nguvu. Linaweza kulala usiku mzima, na wengi wanakubaliana kuwa lililolala hupanda vizuri zaidi na kuwa na ladha zaidi. Ila lilale kwenye friji. Joto la Dar si la kuachia mayai na maziwa mabichi juu ya meza tangu asubuhi hadi jioni. Litoe kwenye friji nusu saa kabla ya kuoka ili lisiyapoze mafuta, na likoroge tena, kwa kuwa unga huwa umetuama chini.

Trei na mafuta

Trei ya keki ndogo yenye vishimo 6 au 12 inatosha. Zinapatikana Kariakoo kwenye maduka ya vyombo vya keki, na wenye haraka ya kununua huchukua ile nyepesi kuliko zote. Ishike mkononi kwanza. Trei nyembamba ya bati linalong'aa hupata moto haraka na kuupoteza haraka zaidi, na rojo likiingia tu mafuta yanapoa. Chuma kizito cheusi ndicho kizuri. Vikombe vya silikoni havishiki joto la kutosha, viachie keki.

Swali la chuma cha vitumbua ni la haki, kwa kuwa ni chuma kizito na kinapenda mafuta ya moto. Kinafaa ikiwa mpini wake ni chuma pia na kinaingia kwenye oveni. Kasoro yake ni umbo: vishimo vyake ni vya mviringo na vifupi, na rojo linataka ukuta uliosimama wa kupandia. Pudini zitakuwa kavu na tamu, lakini fupi. Kama una mazoea na fundi bati, kule Gerezani jijini Dar au mtaani kwako, mwambie akutengenezee vibakuli vya bati jeusi lisilopakwa rangi wala zinki, upana sentimita 8, kina sentimita 4, kuta zimelala nje kidogo. Zinki isiingie oveni yenye moto mkali.

Mafuta yawe yanayostahimili joto. Ya alizeti yaliyosafishwa kiwandani na ya mawese yaliyosafishwa yanavumilia nyuzi 220 na kidogo zaidi. Ya alizeti yaliyokamuliwa mashine ndogo bila kusafishwa, yenye rangi nzito na harufu, yanaungua mapema na kuacha uchungu. Siagi na majarini zina maji, kama asilimia 16 hivi, kwa hiyo zinarukaruka na kuungua kabla hazijafika joto unalotaka. Mafuta ya asili ya kazi hii ni ya ng'ombe. Omba shahamu kwenye bucha, robo kilo, ikate vipande vidogo, iyeyushe kwa moto mdogo pamoja na vijiko viwili vya maji mpaka maji yakauke na vibaki vipande vikavu vya kahawia, kisha chuja. Yakae kwenye friji. Ladha yake haifanani na ya chupa.

Kijiko kimoja cha chai kwa kila kishimo, si zaidi. Mafuta yakizidi, rojo linaelea na kujikaanga kama bagia, chini linalowa.

Oveni

Hapa ndipo utumie akili yako yote. Weka nyuzi 220, au 230 kama oveni yako ni dhaifu. Yenye feni, 210. Iwashe dakika 20 kabla. Ya gesi dakika 25. Kisha ingiza trei yenye mafuta kwa dakika 10 nyingine.

Namba zilizoandikwa kwenye kitasa cha oveni ndogo ya mezani si za kuaminiwa sana. Kama huna kipimajoto, tumia sukari: weka kijiko cha sukari nyeupe kwenye karatasi ya foili, oveni ikiwa imewekwa 200 na imekwisha pata moto, uache dakika 15. Sukari huyeyuka karibu na nyuzi 186. Ikibaki chembechembe kavu, oveni yako inasema 200 lakini haijafika hata 186, na sasa unajua kwa nini pudini zako hazijawahi kupanda. Panda namba 20 au 30 zaidi, ujaribu upya.

Jambo jingine ni umeme mdogo wa jioni. Nguvu ya oveni hushuka haraka kuliko volti zenyewe: umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, oveni ya wati 1,500 inabaki na kama wati 1,000 tu. Taa zikiwa hafifu na feni ikijivuta, ahirisha. Oka mchana. Kwa wanaohesabu LUKU, oveni hiyo ikiwaka dakika 50 mfululizo haizidi uniti moja na robo.

Kwenye oveni ya mezani washa waya za juu na za chini, na trei ikae ngazi ya chini. Pudini itapanda, hivyo acha angalau sentimita 10 kati ya mdomo wa trei na waya za juu, la sivyo vichwa vitaungua ndani kukiwa kubichi. Uso ukianza kuwa mweusi dakika ya 12, geuza kitasa zibaki za chini pekee. Uzuri wake, kitasa kiko nje. Huhitaji kufungua mlango.

Kuoka

Mtihani wa mafuta: dondosha tone la rojo. Linapaswa kuchachatika na kuganda saa hiyohiyo. Likizama kimya, rudisha trei ndani dakika 5. Mafuta yawe moto kuliko ya maandazi, yakitoa moshi mwembamba tu. Yakitoa moshi mzito yamepita.

Rojo liwe kwenye jagi lenye mdomo, karibu na mkono. Kila sekunde trei ikiwa nje inapoa, kwa hiyo kazi yote ya kumimina isizidi nusu dakika. Ujanja wa wazoefu ni kuweka trei ya chuma juu ya moto mdogo wa jiko la gesi wakati wa kumimina, mafuta yaendelee kuchemka. Mpini wa sufuria nyingine usiwe njiani, watoto wasiwepo jikoni. Mafuta yakishika moto ndani ya oveni, zima na uache mlango umefungwa. Maji kamwe.

Mimina kiasi cha ml 40, yaani karibu nusu ya kishimo. Tamaa ya kujaza inaponza wengi: rojo jingi ni zito kuinuliwa, na chini linabaki kama ugali mbichi.

Rudisha haraka, funga, na usifungue kwa dakika 20 za mwanzo. Ukitaka kuona, chungulia kupitia kioo. Kawaida zinaanza kupanda dakika ya 6 au 8, zinafika kileleni dakika ya 15, na huo ndio wakati zinaonekana zimeiva na watu wengi huzitoa. Bado. Ukuta wake una rangi lakini una maji. Dakika 22 hadi 25 ndizo kamili: rangi ya kahawia iliyokolea, mpaka kwenye pande na si juu tu, na ukigonga kwa kijiko zinalia kavu.

Zikiwa tayari, zima oveni, toboa kila moja kwa ncha ya kisu pembeni, kisha uziache humo dakika 3 mlango ukiwa wazi kidogo. Mvuke uliobaki ndani unatoka badala ya kugeuka maji. Oveni ya gesi inahitaji zaidi hatua hii, kwani gesi yenyewe ikiungua hutoa mvuke wa maji ndani ya oveni.

Ukiwa na trei ya 6, awamu ya pili ianze upya kabisa: mafuta mapya, trei ndani dakika 10, rojo likorogwe. Walioharakisha awamu ya pili ndio wanaolalamika kwamba za kwanza zilikuwa nzuri.

Zikiharibika

Bapa na zenye mafuta, kama chapati za maji: mafuta hayakuwa moto, au oveni ni ya namba za uongo.

Zimepanda vizuri kisha zimenywea nje ya oveni: umezitoa mapema. Zikinywea zingali ndani, mlango ulifunguliwa au umeme ulikatika. Umeme ukikatika baada ya dakika 15, usiguse mlango. Joto lililobaki linaweza kuziokoa. Kabla ya hapo, hesabu umepika chakula cha watoto.

Zimepanda kama mpira, bila bonde: rojo ni jingi kwa kishimo, au lina mayai kupita kiasi. Ngumu kama ngozi kesho yake: hiyo ni hali yake, hazikuumbwa kulala.

Zimenata: trei imesuguliwa kwa steelwool mpaka ule weusi wa mafuta ukatoka. Trei ya pudini, kama chuma cha vitumbua, inafutwa kwa kitambaa na kupakwa mafuta, haisuguliwi. Zimeegemea upande mmoja: upande mmoja wa oveni una moto zaidi, safari ijayo igeuze trei wakati wa kuyapasha mafuta, si baada ya rojo kuingia.

Kwa jiko la mkaa

Inawezekana, kwa pudini moja kubwa. Chukua sufuria zito la upana wa sentimita 22, vijiko viwili vya mafuta, liweke kwenye mkaa uliokolea mpaka mafuta yafuke. Mfuniko nao upashwe moto pembeni. Mimina rojo la kina cha sentimita moja tu, funika, palia makaa mengi juu, kisha punguza ya chini yabaki machache pembeni. Juu kuwe na moto kuliko chini; kinyume chake utapata makoko. Weka kijiko cha chuma kati ya mfuniko na mdomo wa sufuria ili mvuke upate njia. Dakika 25. Haitafikia kimo cha ya oveni, lakini kingo zinakunja na kukauka, na rosti ya nyama inakaa humo vizuri sana.

Kula, na kinachobaki

Pudini hailiwi na mchuzi wa majimaji. Mchuzi uwe mzito wa kushika mgongo wa kijiko: rosti ya ng'ombe, maini ya vitunguu, au kuku wa kukaushwa kwa mchuzi kidogo. Mchuzi umwagwe mezani, na kila mtu ajimwagie. Ukitaka chakula cha sufuria moja, kaanga soseji za ng'ombe sita zipate rangi, zipange kwenye trei moja pana yenye mafuta ya moto, mwagia rojo lote katikati yake, oka nyuzi 220 kwa dakika 30 hadi 35.

Usiziweke kwenye hotpoti. Hotpoti ni ya chapati, ambayo inapenda mvuke; pudini ndani yake hulowa kwa dakika tano. Zipange zikiwa zimesimama kwenye waya au ungo, bila kufunikwa, zisipandane. Hata hivyo unyevu wa hewa ya pwani utaanza kuzila baada ya nusu saa, basi panga muda ili ziwe za mwisho kutoka jikoni. Zilizobaki zipoe kabisa, zifungwe kwenye mfuko usioingiza hewa na kugandishwa hadi mwezi mmoja. Siku ya kuzila, zitoke kwenye friza moja kwa moja hadi oveni ya nyuzi 200, bila kuyeyushwa kwanza, kwa dakika 6 au 7.